Maswali na majibu: Diski inayopotea mashine ikilala

Juma hili simu na printa zitangoja. Barua nyingi zina kilio kimoja, diski ya nje inayokatika mashine, yaani kompyuta, ikilala. Majina ya menyu nayaacha kwa Kifaransa, kwa kuwa ndivyo mtakavyoyakuta kwenye Windows za hapa Bukavu.

Fundi, diski yangu inakatikaka kila mara mashine ikilala. Ikiamka haionekani tena mpaka niichomoe na kuichomeka upya. Shida ni diski ao ni mashine? (Ibanda)

Mara nyingi zote mbili ni nzima, ila hazielewani. Mashine ikilala, Windows inapunguza au inakata kabisa umeme wa milango ya USB ili kuokoa betri. Ikiamka inaiita diski. Diski yenye sahani ndani inahitaji sekunde kadhaa ili izunguke vizuri, na ile kadi ndogo iliyo ndani ya kasha, hasa kwenye makasha ya bei rahisi, inachelewa kuitika. Windows haina subira, inahesabu kwamba diski imeondoka.

Anza na waya, kabla hujagusa menyu yoyote. Tumia waya mfupi uliokuja na diski, si ule wa chaja ya simu, na uchomeke moja kwa moja kwenye mashine. Jaribu mlango mwingine. Nusu ya kesi huishia hapo na watu hawapendi kusikia hivyo, wanataka siri ya ndani ya Windows.

Basi siri ndiyo hii. Fungua "Options d'alimentation", kisha "Modifier les paramètres du mode", kisha "Modifier les paramètres d'alimentation avancés". Chini ya "Paramètres USB" kuna "Paramètre de la suspension sélective USB". Weka "Désactivé" kote kuwili, kwa betri na kwa umeme. Baada ya hapo ingia "Gestionnaire de périphériques", sehemu ya "Contrôleurs de bus USB", fungua kila "Concentrateur USB racine", na kwenye "Gestion de l'alimentation" ondoa alama inayoruhusu kompyuta kukizima kifaa. Usipoikuta sehemu hiyo, usiniandikie kwamba nimekudanganya. Mashine nyingi za miaka ya karibuni, zile zinazoendelea kupokea ujumbe hata zikiwa zimefunikwa, zimeficha mambo hayo. Kwa hizo chukua BIOS mpya (programu inayoiamsha mashine) na dereva mpya (programu inayoendesha vifaa vyake) kutoka kwa mtengenezaji wa mashine yenyewe, si kutoka tovuti yoyote inayokuahidi madereva yote ya dunia.

Na sasa niulize mimi: diski inafanya nini kwenye mashine iliyolala? Diski ya nje ni ya kuchomeka, kufanyia kazi, na kuchomoa. Nimeandika hivyo mara nyingi na nitaandika tena.

Windows inaniambia ni lazima niformate diski kabla ya kuitumia. Nikubali? (Bagira)

Hapana.

Wala usimpelekee fundi ambaye neno lake la kwanza ni "tuformate". Ujumbe huo unamaanisha Windows imeshindwa kusoma ramani ya diski. Faili huenda zote zipo. Jaribu waya mwingine, kisha mashine nyingine. Ikisomeka huko, nakili kila kitu kwanza, matengenezo yatafuata. Hata chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, usiiendeshe kabla ya kunakili, kwa sababu kazi yake ni kunyoosha ramani, na wakati mwingine inainyoosha kwa kukata vipande vyako.

Diski yangu haifanyi kazi. Nifanye nini? Ni haraka.

Diski gani, mashine gani, inasema nini, ilianza lini? Haraka yako haijaniambia.

Ninapiga video za harusi. Jumamosi usiku niliacha mashine inanakili kutoka kadi ya kamera kwenda diski, nikafunika nikalala. Asubuhi faili zipo zote, ukubwa kamili, lakini mbili za mwisho hazifunguki. Kadi nilikuwa nimeshaifuta. (Kadutu)

Pole, na pole zaidi kwa bibi harusi.

Ulipofunika, mashine ililala, diski ikakatika katikati ya kazi. Windows ikianza kunakili faili inaweza kulitengea nafasi yote mwanzoni, ndiyo maana unaona jina na ukubwa kamili huku ndani hamna kitu. Ukubwa wa faili si ushahidi wa lolote. Fungua video, itazame mwanzo, ruka katikati, ruka mwisho.

Kadi iache hivyo hivyo, usipige picha hata moja juu yake. Kamera nyingi zikifuta kadi zinafuta orodha tu, na programu kama PhotoRec inaweza kuokoa kilichobaki, ilimradi unachookoa ukihifadhi kwenye diski nyingine. Video ndefu huwa ngumu kuliko picha, sikupi ahadi.

Siku nyingine ukitaka kuacha mashine inanakili, nenda "Options d'alimentation", uchague kwamba kufunika kusifanye kitu mashine ikiwa kwenye umeme, na muda wa kulala uweke "Jamais" kwa usiku huo. Mashine ibaki juu ya meza, si ndani ya mfuko wala juu ya godoro, itachemka.

Angalia pia diski imeformatiwa kwa mfumo gani. Wengi wenu mnatumia exFAT ili diski isomeke kwenye Mac na Windows. Ni sawa, lakini exFAT haiweki daftari la kazi inayoendelea kama NTFS, kwa hiyo ikikatwa ghafla inaumia upesi.

Lakini shida kubwa kwenye barua yako haikuwa usingizi wa mashine. Ulifuta kadi ukiwa na nakala moja. Unalipwa kwa siku ambayo haitarudiwa, halafu unaibeba yote kwenye kitu kimoja chenye ukubwa wa pakiti ya sigara! Nakala mbili, na zisilale nyumba moja. Kadutu mnajua moto ukiwaka kwenye nyumba za mbao zilizobanana unavyokwenda. Goma nao, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu walitoka usiku na walichoweza kushika mkononi. Weka nakala ya pili kwa dada yako, na bei yake iingie kwenye malipo ya harusi.

Nina secrétariat public, duka la kuchapa na kutoa kopi. Diski mbili na printa viko kwenye multiprise moja ya USB, ile inayogawa mlango mmoja kuwa mingi. Diski moja ikianza kufanya kazi, nyingine inapiga tek-tek na kupotea. (Nyawera)

Njaa ya umeme. Mlango wa USB 2.0 unatoa miliampea 500, wa USB 3.0 unatoa 900, na multiprise isiyo na chaja yake inagawa hicho hicho kwa wote. Diski ya sahani inavuta zaidi pale inapoanza kuzunguka. Nunua multiprise yenye chaja yake, au diski moja ipate mlango wake. Ikiendelea tek-tek hata ikiwa peke yake kwenye mlango mzuri, inakufa, hamisha vilivyomo leo.

Fundi mmoja amenishauri nizime kulala kabisa, siku zote. Ni dawa nzuri? (Nguba)

Kwa mtu ambaye umeme haukatiki kwake, labda. Hapa kwetu umeme ukienda ukiwa sokoni, mashine isiyolala inakula betri mpaka mwisho. Ukiwa umeweka pia izime betri ikiisha, itajizima huku diski ikiandika, na hilo ni baya kuliko usingizi. Izuie kulala ikiwa kwenye umeme tu. Kwenye betri iache ilale, diski ikiwa imechomolewa.

Nimenunua SSD (diski isiyo na sahani) ya tera 2 kwa bei ya flash. Inakatika ikifika giga 60 hivi. Ni ule usingizi wa USB?

Umeuziwa flash iliyovalishwa kasha. Chipu yake inadanganya ukubwa, na ukipita kipimo cha kweli inaandika juu ya vya zamani au inakwama. Ijaribu kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa wa kweli, ikiwa tupu, kisha umrudishie muuzaji mbele ya watu.

Ninatumia Ubuntu na Windows kwenye mashine moja. Ubuntu inaifungua diski yangu kwa kusoma tu, ingawa Windows huwa naizima vizuri. (Mwanafunzi)

Huizimi. "Démarrage rapide" ikiwa imewashwa, "Arrêter" inailaza Windows nusu, nayo inaiacha diski ya NTFS ikiwa na alama kwamba bado inatumika. Ubuntu inakataa kuandika, na ina haki. Zima "Démarrage rapide", au toka Windows kwa "Redémarrer". Na kama TFC yako (kazi ya kumaliza masomo) iko kwenye diski hiyo peke yake, itume kwenye barua pepe yako leo kabla ya kugusa chochote.

Bado kuna haja ya "Retirer le périphérique en toute sécurité"? Rafiki yangu anasema ni mambo ya zamani.

Rafiki yako amesoma nusu. Tangu toleo 1809 la Windows 10, la mwaka 2018, diski za nje zimewekwa tayari kwa kuchomolewa haraka. Hiyo inakusaidia baada ya kunakili kuisha, si wakati taa bado inapepesa. Kwenye Mac ruhusa hiyo haipo, toa diski kwanza ndipo ufunike, na lile onyo la kila asubuhi kwamba diski haikutolewa vizuri litakoma.