Je, utume kwa mataifa ulianza na Yesu?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, je, Mungu aliyakumbuka mataifa, yaani watu wasio Wayahudi, baada tu ya Yesu kuja? Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU: Ndugu msomaji, hasha. Abrahamu aliahidiwa kwamba kupitia kwake jamaa zote za dunia zitabarikiwa (Mwanzo 12:3), na Yona, ambaye wengi humkumbuka kwa samaki tu, alitumwa Ninawi, mji wa maadui wa Israeli, akachukizwa Mungu alipowasamehe. Hasira hiyo yatufundisha mengi: nabii alisita, kusudi la Mungu halikusita. Agizo la Yesu la kuwafanya mataifa yote kuwa wanafunzi (Mathayo 28:19) liliendeleza ahadi ile ile aliyopewa Abrahamu. Hata Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lilijengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na naamini mahali hapo panawadai Wakristo wamheshimu kila mtu wanayemhubiria.