Sili za shokapu za mbele: anza na bomba

Mara ya kwanza nilipobadilisha nyumbani sili za shokapu za mbele za pikipiki, yaani zile pete za mpira zinazozuia oili isitoke, kazi ilinila siku nzima na matokeo yakadumu wiki mbili. Sili zilikuwa mpya, oili mpya, boliti zote zimekazwa. Asubuhi moja nikaukuta tena ule mstari mweusi wa oili na vumbi ukiteremka mguu wa kulia wa shokapu. Nilipofungua upya ndipo nilipopitisha ukucha kwenye bomba la ndani, lile la kromu linaloingia na kutoka kwenye mguu, polepole, kutoka juu hadi chini, na ukucha ukakwama mahali ambapo jicho halikuwa limeona kitu. Palikuwa na kovu dogo kama punje ya mchanga. Jiwe lilipiga kromu, kutu ikaingia, na kila shokapu ilipobonyea kovu lile lilikuwa linachana mdomo wa sili.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia hapo: kabla ya kununua sili, pitisha ukucha kwenye mabomba yote mawili, mzunguko mzima. Eneo la hatari ni lile linalozama ndani shokapu inapobonyea. Ukilitambua kovu, kazi ya kwanza ni kulilaza. Sugua kingo zake kwa msasa laini sana, namba 1000 kisha 2000, uliolowa oili, hadi ukucha upite bila kushtuka. Likiwa shimo, lisafishe litoke mafuta yote, lijaze gundi ya epoksi ile ya kuchanganya mbili, liache lilale usiku kucha, kisha lisugue liwe sawa na kromu. Mimi nilifanya hivyo na lile bomba langu bado natembelea. Lakini kromu ikiwa inabanduka vipande vipande, usijidanganye. Bomba hilo litamaliza kila sili utakayoweka, litafutie jingine.

Kuna jambo jingine la kujaribu kabla hujafungua chochote. Kinga ya vumbi iliyo juu ya sili inyanyue taratibu kwa bisibisi bapa, uisogeze juu. Kata kipande chembamba cha plastiki ya chupa ya maji, ukitie jino dogo la ndoano pembeni, kiingize kati ya bomba na sili, ukizungushe na kukivuta. Mara nyingi kitatoka na tope jeusi. Sili iliyokuwa imeachama kwa sababu ya chembe ya mchanga hufunga tena na kuacha kuvuja. Futa, endesha siku chache, angalia.

Ikiendelea kuvuja, usiiache. Oili ikipungua shokapu inabaki springi tupu na tairi linarukaruka kwenye makorongo, lakini kinachonitisha zaidi ni breki. Oili inateremka mguu hadi kwenye diski, na pedi zikishainywa hazishiki tena. Pedi za namna hiyo mimi natupa, hata zikiwa nene. Na hata ukivuja mguu mmoja, badilisha sili za miguu yote miwili.

Sasa kufungua. Pikipiki isimame imara, injini imelalia kreti au gogo, tairi la mbele liko hewani na haiyumbi ukiisukuma. Vizibo vya juu vilegeze shokapu zikiwa bado zimeshikwa kwenye pikipiki: fungua boliti za kishikio cha juu tu, kisha legeza kizibo robo mzunguko. Ukishaitoa shokapu, kulishika bomba mkononi na kulegeza kizibo ni mateso. Kalipa, yaani kifaa kinachoshika pedi za breki, ikishatoka, bana kipande cha mbao kati ya pedi ili mtu asije akaminya breki na kusukuma pistoni nje.

Boliti ya chini, ile ya kufunguliwa kwa spana ya L, ndiyo inayokatisha watu tamaa, kwa sababu inazunguka pamoja na fimbo ya ndani bila kutoka. Usitoe springi kwanza. Mwenzako aibonyeze shokapu kwa nguvu, springi itaikandamiza fimbo, nawe uilegeze boliti kwa mshtuko mmoja. Ikigoma, toa springi, chonga ncha ya mpini wa ufagio iwe kama penseli butu, uigonge ndani ya kichwa cha fimbo ikabane. Shikilia mpini, fungua boliti. Kizibo cha juu kinatoka na msukumo wa springi, hivyo uso wako usiwe juu yake.

Sili ya zamani imekaa chini ya klipu ya waya. Toa klipu, mwagia maji yaliyochemka nje ya mguu wa alumini. Alumini hutanuka kuliko chuma, na sili hulegea. Inyanyue kwa wenzo wa kutolea matairi, chini yake umetanguliza kitambaa kilichokunjwa na kipande cha mbao. Mkwaruzo kwenye ukuta inapokaa sili ni njia mpya ya kuvujia.

Sili huandikwa namba tatu, kwa mfano 33x46x11: kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita. Upande wenye kispringi chembamba hutazama chini, kwenye oili. Kabla ya kuivisha, funika ncha ya bomba kwa mfuko laini wa plastiki uliopakwa oili, maana ncha hiyo ina kingo zinazokata.

Kifaa cha kuigongelea ni kipande cha bomba la maji la plastiki, pana kiasi cha kupita juu ya bomba la shokapu, ncha imekatwa sawasawa. Likiwa jembamba, lipasue kwa urefu ulizungushie klampu. Juu ya sili mpya weka ile kuukuu, ukiwa umeikata upande mmoja isije ikanasa, kisha gonga kwa kuzunguka. Sikiliza. Mwanzoni mlio ni mzito. Sili ikifika chini unageuka mkavu, na mfereji wa klipu unaonekana mzunguko mzima.

Boliti ya chini ipewe washa mpya ya shaba. Kiasi cha oili kifuate kitabu cha pikipiki, na chupa ya mtoto ya kunyonyea yenye alama za mililita inapima vizuri. Wengi hutia oili ya injini ya 40, namba ya uzito wake. Nawasihi msifanye hivyo, shokapu inakuwa nzito na mikono ndiyo inayolipa. Pikipiki nyingi ndogo hutaka oili ya shokapu ya 10W. Ukishaimimina, pampu polepole hadi hewa iishe, ndipo urudishe springi.

Tairi likisharudi, bonyeza shokapu mara kadhaa kabla ya kukaza boliti inayobana ekseli, ili miguu ijipange. Kisha futa mabomba yakauke kabisa. Siku ya kwanza ukiona pete nyembamba ya oili, ni ile uliyopaka wakati wa kufunga, ifute. Ikirudi siku ya tatu, toa ukucha wako urudi kwenye bomba.