Mpe Mtoto Maneno Yake Mapema

Naishi Nyalenda, Kisumu, na watoto watatu. Mmoja nilimzaa mimi, wawili ni wa marehemu dada yangu. Mama yangu, ambaye watoto humwita dani, hubaki nao nikienda Kibuye kuuza mitumba. Mwanamume hakuna, na watu hawachoki kutukumbusha. Kuna mama aliyenishika mkono nje ya kanisa akaniambia niolewe haraka, watoto wapate adabu.

Hayo niliyazoea. Lililonichoma ni la mtoto mkubwa wa dada, akiwa na miaka tisa. Alipeleka shuleni fomu niliyotia sahihi, mwalimu akaona majina hayafanani, akamwambia mbele ya wenzake aje na mama wa kweli. Usiku ule hakula. Aliniuliza, "Kwani wewe ni nani wangu?"

Kosa lilikuwa langu pia. Tangu mazishi sikuwa nikimtaja dada, nikidhani nawaepushia uchungu. Mtoto akikosa jibu, watu humtungia. Kwa hiyo kaa naye mapema, mpe jibu fupi lenye ukweli wote. Wangu husema: "Mama alifariki, mama mdogo ndiye anatulea." Angalia neno hilo lilivyo. Mdogo wa mama ni mama, Kiswahili kilishaamua zamani.

Na anayekwambia familia ya Kiafrika ni baba, mama na watoto tu, muulize kuhusu majirani zetu Wanandi. Kwao mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kuoa mwanamke mwenzake, na watoto wa huyo wakawa warithi wa nyumba yake. Mila zetu zina nafasi pana kuliko tunavyohubiriwa.

Halafu tafuta karatasi, usingoje ugomvi. Mimi nilibeba cheti cha kifo cha dada na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, nikapata barua ya chifu, ndipo nikaenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua malezi ya jamaa, kwa hiyo huendi kuomba hisani. Nawe unayelea peke yako na baba yupo hai, Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inasema wajibu wa baba na mama kwa mtoto ni sawa, wawe wameoana au la.

Kwa mwalimu nilikwenda mwenyewe, saa za jioni, watoto wakiwa wameondoka. Nilimwonyesha barua, nikamweleza mtoto alivyolala njaa. Aliomba radhi, na kesho yake akamwita kijana kando akamwomba yeye pia.

Siku hiyo nilimwandikisha dani kama mtu wa pili wa kupigiwa simu. Usimsahau bibi kwenye fomu. Mtoto akishikwa na homa saa nne asubuhi, yeye ndiye atafika kwanza, mimi bado nikitafuta wa kuniangalilia meza sokoni.