Kasha la minyoo halilishwi kwa ratiba ya jikoni

Ndugu mhariri, wiki hii mmetuuliza kama inafaa kufuga minyoo ndani ya nyumba ili wageuze mabaki ya jikoni kuwa mbolea. Nasema inafaa, ingawa kasha langu la kwanza lilikufa lote.

Nianze na jina lenyewe, maana linatisha watu. Ukitaja minyoo ndani ya nyumba, mtu anafikiria tumbo na dawa za watoto. Hawa ni wa jamii ya nyungunyungu, wembamba, wekundu, wanaoishi kwenye samadi na majani yanayooza. Wataalamu humwita Eisenia fetida. Wale nyungunyungu wakubwa wanaochimba mashimo marefu ardhini usiwahangaishe. Kasha la plastiki la shubiri mbili ni jela kwao.

Kasha la kwanza nililiandaa vizuri. Nilitoboa matundu ya hewa, nikachana magazeti na katoni, nikayalowesha na kuyakamua mpaka yakabaki na unyevu tu, nikamimina minyoo nusu kilo. Kosa lilianza kesho yake. Nilikuwa nimesoma kwamba minyoo wanaweza kula nusu ya uzito wao kwa siku, nikapiga hesabu nikapata robo kilo, na kila jioni nikawapelekea robo yao kamili. Wiki ya tatu kasha likanuka mayai viza. Usiku minyoo walipanda kuta, wakajipenyeza kwenye matundu, na asubuhi niliwakuta sakafuni wamekauka. Niliumia sana, kwa sababu nilidhani nawatunza.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Mnyoo hana meno. Ganda bichi la tunda kwake bado si chakula. Anangoja bakteria na kuvu waliozeshe, kisha analimeza pamoja na vijidudu hivyo, na firigisi yake inasaga kwa msaada wa chembe za mchanga. Ile nusu ya uzito ni habari ya kasha lililokomaa, lenye vijidudu tele na joto linalofaa. Langu lilikuwa na karatasi tupu. Basi chakula kikarundikana, kikatoa maji, maji yakaziba hewa, na bakteria wasiohitaji oksijeni wakatawala. Mnyoo naye hupumua kwa ngozi. Ngozi hiyo lazima iwe na unyevu, lakini hewa ikikosekana anakosa pumzi kama mtu aliyezama.

Tangu hapo silishi kwa kuangalia ndoo ya maganda. Nafukua ile pembe niliyoweka chakula mara ya mwisho. Nikikuta bado kipo, nafunika na kuondoka. Mara nyingi inakuwa mara moja kwa wiki.

Inzi wadogo wa matunda ndio kero kubwa, na sitaki kumficha mtu. Mayai yao huingia yakiwa tayari juu ya maganda. Siku hizi nayagandisha maganda kwenye friza, nayaacha yayeyuke, nayafukia, kisha natandaza juu karatasi kavu ya unene wa vidole vinne. Kugandisha kunayalainisha pia, kwa hiyo yanaoza upesi. Inzi wamepungua sana, hawajaisha. Kama unaishi na wenzako, kubalianeni kabla kasha halijaingia, kwa sababu wiki moja ya uzembe inatosha kuleta ugomvi.

Utitiri na vile viminyoo vyeupe kama nyuzi hawanisumbui. Wakizidi najua kasha limelowa na limeingia uchachu, naongeza katoni kavu na maganda ya mayai yaliyosagwa. Nyama, maziwa, mafuta na vyakula vya chumvi havikanyagi humo kabisa. Ndimu na vitunguu naviepuka.

Ndani ya nyumba kuna faida ambayo nje si rahisi kuipata: joto lisiloyumba. Nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi zinawapendeza. Juu ya 30 wanaanza kutaabika. Chagueni pia mahali patulivu. Charles Darwin, aliyechapisha kitabu kizima kuhusu nyungunyungu mwaka 1881, aliwaweka kwenye vyungu na kuona kwamba hawajali sauti ya piano, ila chungu kikiwekwa juu ya piano na noti ikapigwa, wanakimbilia mashimoni. Hawasikii, lakini mtikisiko wanaupata mwilini. Kasha langu la kwanza lilikuwa ubavuni mwa mashine ya kufulia.

Msitarajie kasha moja limalize mabaki yote ya nyumba. Langu halimalizi, na mavuno ya kwanza yalichukua miezi minne. Kuvuna kwenyewe ni kazi ya asubuhi nzima. Namwaga kila kitu juu ya karatasi ya nailoni chini ya taa, nafanya vichuguu vidogo, minyoo wanakimbia mwanga kwenda chini, nakwangua juu, nangoja, nakwangua tena. Mgongo unalalamika, lakini ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Humo nakutana na vifuko vya mayai, vidogo kama kichwa cha kiberiti, umbo la limau, na kila kimoja huweza kutoa wawili watatu. Navirudisha kimoja kimoja. Mbolea inayobaki ni nyeusi, haina harufu ila ile ya udongo uliopata mvua. Sipandi ndani yake peke yake. Nachanganya sehemu moja na nne za udongo wa kawaida. Maji yanayotuama chini ya kasha wengine huyasifu kama dawa ya mimea. Kwangu ni ishara kwamba nimelowesha kupita kiasi, nayamwaga.

Mwezi uliopita nilisafiri wiki tatu na hakukuwa na wa kuwalisha. Niliwaachia katoni iliyoloweshwa na maganda machache. Niliporudi, maganda yalikuwa yamekwisha, kasha halinuki, na chini ya karatasi walijaa vitoto vya rangi ya waridi, vyembamba hivi kwamba ilibidi nisogeze taa ili nivione.