Kuhusu kupita korongo la Ngare Sero na watoto

Ndugu, umeuliza kama watoto wa shule ya msingi wanaweza kutembea hadi maporomoko ya Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron, na kama viatu vya mlimani ni vya lazima. Wanaweza, ilimradi mtembee na mwongoza njia wa kijijini na mtoke Arusha siku moja kabla, ili mwanze asubuhi na mapema. Nje ya korongo ni jangwa tupu, joto na vumbi jeusi la Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano ulio karibu. Ndani, kuta za miamba hukupa kivuli kwa sehemu kubwa ya njia.

Viatu ndilo jambo la kuzingatia zaidi. Mtavuka kijito mara kadhaa, maji yakifika magotini au hata kupita hapo kutegemea msimu, na mawe yaliyo chini yake huteleza, hivyo buti zito likishajaa maji huwa mzigo tu. Vaeni raba kuukuu zenye soli iliyoshika, au sandali zenye mkanda nyuma ya kisigino. Kandambili ziacheni garini. Kila mmoja awe na fimbo, aipime sakafu ya kijito kwanza ndipo ahamishe mguu, na mtoto ashikwe mkono upande wa juu wa mkondo, ili akiteleza asukumwe kuelekea kwa mtu mzima.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, binafsi nisingepeleka watoto, kwa kuwa mvua ikinyesha juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, maji huweza kujaa korongoni ghafla hata kama kwenu kuna jua.