Oili Inapanda Badala ya Kushuka

SWALI: Fundi, nilibadilisha oili ya pikapu yangu ya dizeli wiki sita zilizopita. Sasa stiki ya kupimia oili inaonyesha imepita alama ya juu kwa upana wa kidole, na sijaongeza hata tone. Rafiki ananiambia nishukuru, gari haili oili. Ni kweli?

JIBU: Usishukuru. Oili haizai, ikipanda, kuna kilichoingia, dizeli au maji ya rejeta. Usiiwashe kwanza.

Anza na pua. Nusa stiki, kisha sugua oili kwa vidole. Dizeli hunuka waziwazi na oili huwa nyepesi kama maji. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: dizeli hutambaa nje na kuacha duara hafifu kuzunguka doa jeusi. Hapo shuku nozeli (kinyunyizia dizeli ndani ya injini) inayovuja au sili ya pampu ya dizeli. Kama gari lina chujio la masizi kwenye egzosi na unaendesha safari fupi tu, nalo ni mshukiwa, maana dizeli ya kulisafisha hubaki na kuteremkia kwenye oili.

Maji hugeuza oili rangi ya maziwa, na maji ya rejeta hupungua. Tone likichachatika kwenye bati la moto, ni maji: shuku gasketi ya hedi (kizuizi cha uvujaji chini ya kichwa cha injini) au kipozea oili kinachovuja. (Utando mweupe chini ya kifuniko cha oili pekee usikutishe, mara nyingi ni mvuke.)

Kinachoniogopesha zaidi ni injini kuvuta oili hiyo na kuichoma. Niliiona moja ikinguruma hata baada ya kuzima swichi. Sote tulikimbia.