Herufi zilizochakaa: hesabu A zako kwanza

Ndugu wa Nakuru, umeuliza ni fonti gani ya herufi zilizochakaa, zile zenye makwaruzo kama rangi ya ukuta iliyobanduka, itakufaa kwa fulana za kundi la waendesha pikipiki na stika ya kioo cha matatu. Mimi nina kibanda cha uchapaji Kisumu, karibu na soko la Kibuye, na hizo fonti zilininyima usingizi kabla hazijaanza kunilipa.

Mwenye matatu mmoja wa njia ya Kakamega aliniletea kazi ya kioo cha mbele: neno BARAKA, herufi nene, zionekane zimeona mengi. Nikachukua fonti ya bure, nikaandika, nikatuma kwenye plota, mashine inayokata stika kwa wembe. Sasa, wembe wa plota haujui urembo. Kila chembe ya kutu unayoiona kwenye kompyuta, kwake ni tundu la kukatwa. Nilianza kubandua vipande kwa kibano saa nane mchana, taa za barabarani zikawaka nikiwa kwenye K. Tulipomaliza kubandika, kondakta akasimama mbele ya gari, akainamisha kichwa, akaniuliza, "Omera, hizi A zote zimechanjwa chale na mtu mmoja?"

Nikaangalia. Kovu lilelile, mguu wa kulia, mara tatu.

Kiswahili hakiwasamehe watengenezaji wa fonti. BARAKA, HARAMBEE, MAMA MBOGA: vokali zetu zinarudi kila hatua, na uchakavu unaojirudia hauwezi kuwa uchakavu. Tatizo lenyewe si geni. Waholanzi wawili, Erik van Blokland na Just van Rossum, walitengeneza fonti inayoitwa Beowolf, ikatolewa mwaka 1990, na kazi yake ilikuwa hiyo hasa: kingo za herufi zilibadilika zenyewe kwenye printa, hata A mbili za ukurasa mmoja hazikufanana. Van Blokland huyohuyo akatoa Trixie mwaka 1991, herufi za taipureta zilizochafuka wino. Fonti nyingi za siku hizi hazijisumbui hivyo. Zina A moja, basi.

Ila chunguza kwanza. Mara nyingi fonti hizi hazina herufi ndogo. Mahali pake wameweka herufi kubwa nyingine yenye makovu tofauti. Ukiandika BaRAkA umeshapata A za sura mbili. Ya tatu igeuze kuwa mchoro, kisha uipindue kulia kushoto. A ikipinduliwa inabaki A, lakini kovu limehamia mguu mwingine. M, O, T, U, H na I zinakubali pia, mradi mistari yake ina unene sawa pande zote mbili. R na K usijaribu.

Siku hizi mimi hata fonti iliyochakaa naitafuta mara chache. Nachukua fonti safi, nene, isiyo na mbwembwe, naichakaza mwenyewe. Nenda Dunga, ufuoni mwa ziwa hapa Kisumu, uangalie mashua zilizopakwa majina ubavuni. Jina halichakai kila mahali kwa pamoja: juu, nyavu zinapoburutwa kuingia na kutoka, rangi imelika kwa mikwaruzo ya kusimama, chini, maji yanapogonga, imefifia taratibu, katikati bado inang'aa. Uchakavu una aliyeusababisha, na unatoka upande fulani. Nilipiga picha ubavu mmoja, nikaigeuza nyeusi na nyeupe, na mpaka leo naitandaza juu ya neno zima, si juu ya herufi mojamoja. Hapo hakuna A inayofanana na mwenzake.

Kwa fulana, usiogope kama kwenye stika. Kwenye skrini ya kuchapia, ile ya kitambaa tunachopitishia wino, mimi hufuta chembe zote zilizo chini ya nusu milimita, maana wino huzijaza na zinabaki madoa tu. Zilizosalia zina faida: wino haukai kifuani kama kipande cha plastiki, fulana inapumua. Na wino ukianza kupasuka baada ya kufuliwa sana, mteja anadhani ndivyo ulivyochorwa. (Hili msimwambie.) Kwa stika, punguza makwaruzo yawe machache na makubwa. Vile vipande vyembamba vya BARAKA yangu viling'olewa na presha ya kuoshea magari, ikabidi nirudie kazi bure.

Maneno mawili au matatu makubwa yanatosha. Namba ya simu na njia ya gari ziandike kwa herufi safi, mtu anazisoma akikimbia. Na fulana za mazishi, hapana. Nilijaribu mara moja kwa sababu vijana wa boma walipenda; mama mmoja mzee akapitisha kidole juu ya jina la marehemu, akauliza nani amelikwaruza. Nilichapa upya usiku huohuo.

Kabla ya kulipia fonti yoyote, andika NG'OMBE na tarakimu zote 0 hadi 9. Nyingi hazina kile kialama cha juu, kompyuta inakuazimia cha fonti nyingine, kinakaa hapo kisafi kama mgeni wa harusi. Halafu soma leseni. Ikisema ni ya matumizi binafsi tu, fulana za kuuza hazimo.

Nitumie jina la kundi lenu nikuambie lina A ngapi.